Mfuko wa Hussam

Mzee Kanti alinisikia nikiongea Kiswahili kwenye simu ndani ya duka la mboga la Kingsbury Road, huku ughaibuni. Akaziacha bamia alizokuwa anachagua, akanifuata hadi mlangoni.

"Ndugu, wewe ni mtu wa wapi?"

Nilikata simu. Mbele yangu alikuwa mzee wa Kihindi, mfupi, koti la mvua limemfika magotini.

"Tanzania, mzee. Shikamoo."

"Marahaba!" Alisema kwa sauti hadi mwenye duka akageuka. "Marahaba sana! Miaka mingapi sijapewa shikamoo! Tanzania sehemu gani?"

"Ukerewe."

Akanishika mkono. Yeye alizaliwa Musoma, ambako baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na aliondoka akiwa na miaka ishirini. Sasa alikuwa na sabini na tatu. Alinitajia samaki wa utotoni mwake, sato, ningu, furu, kamongo, huku amenishika mkono vilevile. Kisha akasema, "Mtu wa Ukerewe! Basi wewe ni mvuvi."

Hapo ndipo iliponipasa kusema hapana. Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu, na hakutaka watoto wake wanuke samaki. Ukionekana ufukweni, unachapwa. Nimekulia kisiwani na sijui kuogelea. Samaki nilimjua akiwa tayari sahanini. Lakini jioni ile nilikuwa nimetoka kazini, katika ofisi ya miadi ya hospitali, ambako kutwa nzima watu hunifokea kwenye simu na wengine huomba wapewe mtu anayejua Kiingereza vizuri zaidi. Mzee huyu alikuwa ananitazama kama mtu anayejua kitu.

"Mvuvi wa kuzaliwa, mzee," nikasema.

Hiyo ilikuwa Februari. Kufika Machi nilikuwa na kadi ya uanachama wa klabu yake ya uvuvi. Klabu ina ziwa dogo nyuma ya uwanja wa gofu, dakika ishirini kwa gari kutoka kwetu, lenye majukwaa ya mbao kandokando ya matete na kibanda kimoja cha kuchemshia chai. Mzee Kanti ndiye aliyekuwa msimamizi wa pale: anazunguka, anakagua kadi, anaangalia watu wasitupe mishipi majini. Sheria kubwa ilikuwa moja, na ilibandikwa mlangoni mwa kibanda. Kila samaki anarudishwa akiwa hai.

"Mimi sijawahi kula samaki maisha yangu yote," aliniambia. "Kwetu hatuli. Mama yangu alikuwa analia akikuta ndoano mfukoni mwangu. Ndiyo maana nikajifunza kurudisha. Namshika, namtazama, namwambia asante, nenda zako."

Mimi nilijifunza kwa siri. Kila asubuhi kwenye basi niliangalia video za Wamarekani wanaovua samaki aitwaye bass majira ya kuchipua. Walieleza vizuri: maji yakianza kupata joto samaki husogea kwenye kina kifupi kutaga mayai, hali ya hewa ikitaka kubadilika, kabla tu ya upepo baridi kufika, hula bila kuchagua, baridi ikishaingia hukaa kimya. Bass wale hawapo kwenye ziwa letu. Letu lina perch, samaki wa kijani mwenye mistari myeusi ubavuni, mapezi mekundu, na miiba mgongoni. Mimi nilimwita sangara wa mistari, na Mzee Kanti akalipenda jina hilo. Maneno ya Wamarekani niliyageuza yakawa maneno ya babu yangu wa Ukerewe. "Babu alikuwa anasema upepo ukigeuka, tupa karibu na matete." Babu yangu alikuwa katekista.

Pale ziwani alikuwepo mtu mmoja aliyejua kweli. Hussam, Mwiraki, alizaliwa sehemu za mabwawa karibu na Basra, kwao wote ni wavuvi. Alifanya kazi kwenye gereji ya matairi Colindale. Hakuwa msemaji. Alikuja na kigoda chake, koleo dogo limening'inia shingoni kwa kamba, na alikuwa anamtoa samaki ndoano hata kabla hujaona amemshika. Alipojiunga aliuliza kama inaruhusiwa kupeleka samaki mmoja nyumbani. Akaambiwa hapana, akasema sawa. Lakini swali lile watu walilikumbuka.

Jumamosi moja mwanzoni mwa Aprili tulifika mapema, jua likiwaka hadi tukavua makoti. Hussam alipita kwenye jukwaa langu akanionyesha mfuko wake wa plastiki. Ndani mlikuwa na chupa ya chai na mikate ya duara ambayo mkewe alikuwa ameioka, bado ina joto. Alinikatia kipande. Kilikuwa na ufuta. Kisha akaenda zake upande wa pili wa ziwa.

Saa nne wingu likaja kutoka magharibi. Upepo uligeuka, maji yakakunjamana, na baridi ikashuka ghafla.

"Mzee, sasa hivi watakula," nikasema.

Mzee Kanti akacheka kwa furaha. Akawatangazia kwa Kiingereza wazee wawili waliokuwa jirani, "Msikilizeni huyu, ni mtu wa Ziwa Nyanza!" Kisha matone yakaanza, na wote watatu wakakimbilia kibandani kuchemsha chai. Mimi nilivaa kofia ya koti nikabaki.

Samaki alikula kweli. Fimbo ya kuvulia ilipinda hadi nikadhani itavunjika. Sijui nilimfikishaje hadi kwenye wavu. Alikuwa mkubwa, karibu kilo mbili, tumbo limejaa. Nilimtambua kwa picha zilizobandikwa kibandani, kwa ule ukingo wa shavu uliomeguka. Mzee Kanti alikuwa amemvua na kumrudisha masika matatu mfululizo, na alimwita bibi.

Ndoano haikuonekana. Alikuwa ameimeza yote, na mshipi ulizama kooni.

Mvua ya mawe ikaanza kupiga. Video zile sikuwa nimezitazama hadi mwisho. Sikujua ndoano iliyomezwa inatolewaje. Nilivuta. Samaki alijipiga kwenye mbao, mwiba ukanichoma kiganja. Nikavuta tena, kwa nguvu, na kitu kikaachia ndani yake. Damu ikatoka kwenye matamvua, damu nyingi kuliko nilivyodhani samaki anayo.

Ng'ambo, Hussam alikuwa amesimama chini ya mti na lile koleo lake shingoni. Ningemwita, angefika kwa dakika mbili. Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikimwita ataona sijui.

Nilimrudisha majini. Alilala ubavu. Nilimsukuma kwa mkono, akaenda kidogo, upepo ukamrudisha kwenye miguu yangu. Mara tatu. Mara ya tatu hakufungua tena mdomo. Kutoka kibandani nilisikia mtu akicheka, na mlango ukagonga. Nikamtia samaki kwenye mfuko wangu, nikafunika kwa sweta, nikamwaga maji kwenye mbao. Wakati naondoka Hussam naye alikuwa anaondoka, kigoda begani na mfuko wake mkononi. Tulipungiana.

"Kichwa kinaniuma, mzee," nilimwambia Mzee Kanti. "Mvua imenipata."

"Ulipata kitu?"

"Hata mmoja."

Nyumbani mke wangu, Adelina, alifurahi. Nilimwambia nimeruhusiwa. Alipompasua alikuta mayai yamejaa tumboni, utepe mrefu wa mayai kama wavu mweupe, akaita, "Leonard, njoo uone! Huyu alikuwa karibu kutaga." Sikwenda. Alimpika kwa nyanya na ndimu. Nilikula, kwa sababu kutokula kungehitaji maelezo.

Siku tano baadaye Mzee Kanti alinipigia simu. Mama mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alikuwa ameandika barua kwa katibu wa klabu, Jean. Aliona, wakati wa mvua ya mawe, mwanaume asiye mzungu, koti jeusi, kofia kichwani, akitia samaki mkubwa kwenye mfuko karibu na matete. Kwa mbali, na kwa mvua ile, hakuona zaidi.

"Nimekwenda kuangalia," alisema Mzee Kanti. "Kwenye matete yamenasa magamba. Makubwa. Leonard, nahofia ni yule bibi yetu."

Jumamosi walinisubiri kibandani, yeye na Jean. Jean ni mama wa Kiingereza mwenye umri wa Mzee Kanti, mpole, daftari mapajani. Waliniwekea kiti. Hakuna aliyefikiri ni mimi, hilo nililiona mara moja. Chai yangu ilikuwa imeshamiminwa.

Mzee Kanti aliniuliza kwa Kiswahili, polepole. "Ndugu yangu, sisi tulikuwa ndani huku. Wewe ulikuwa nje. Uliona kitu?"

Nimeyarudia maneno niliyosema mara nyingi sana. Yote yalikuwa kweli.

"Nilimwona Hussam akiondoka na mfuko."

Mzee Kanti alifumba macho kidogo, kisha akamtafsiria Jean. Jean akaandika.

"Mfuko ulikuwa mzito?" aliuliza Jean.

"Sikuweza kujua," nikasema kwa Kiingereza. Ladha ya ufuta ule nilikuwa naikumbuka vizuri.

Hussam alipofika walimwita. Nilitakiwa kutoka lakini mlango ulikuwa wazi, nikasimama nje na kusikia. Walimwambia mwanachama mmoja alimwona na mfuko. Hawakutaja jina. Alisema ulikuwa mkate na chai. Jean alimuuliza kama kuna mtu anayeweza kuthibitisha. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka mlangoni, nikitazama viatu vyangu.

"Hapana," akasema Hussam.

Alitoa kadi yake akaiweka mezani bila kubishana. Alipotoka alinipita, akaniambia, "Salaam, Leonard," kama siku zote, akaenda kuchukua kigoda chake.

Baada ya hapo niliendelea kwenda ziwani Jumamosi mbili. Mzee Kanti alinikalia karibu zaidi kuliko zamani. Alikuwa na huzuni, alitaka kuongea habari za nyumbani, za Musoma, za shule, za mwalimu aliyewafundisha kuimba. Nilimjibu. Hali ya hewa ilikuwa inageuka kila saa, jua, mvua, jua, na wazee wa pale waliniuliza wakae wapi, watupe wapi. Nikawaelekeza, nao wakapata samaki. Kila walipopata walininyooshea dole gumba kutoka ng'ambo.

Mwisho wa Aprili nilipanda basi namba 183 kwenda Golders Green. Hussam alikuwa amekaa juu, mbele. Akaniona, akaondoa begi lake kwenye kiti ili nikae. Nikakaa. Mikono yake ilikuwa na weusi wa matairi kwenye kucha.

Aliuliza habari za mke wangu. Akasema sasa anakwenda kwenye mfereji, kule samaki ni wadogo lakini hakuna maneno. Tulipita vituo viwili. Kisha akasema, akitazama mbele:

"Siku ile ya mvua ya mawe, niliona fimbo yako imepinda. Imepinda sana. Ulimpata?"

Niligeukia dirisha.

"Alikata mshipi," nikasema.

Hussam alitikisa kichwa taratibu. "Pole," akasema. Akabonyeza kengele akashuka kituo kilichofuata, na baada ya basi kuondoka ndipo nilipokumbuka kwamba yeye hushukia mbali zaidi.

Sikufika Golders Green. Nilishuka nikarudi kwa miguu hadi Kingsbury, na nilipofika nyumbani Adelina aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia yote, tangu Februari. Alisikiliza akiwa amesimama, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Na mimi ulinilisha," alisema mwisho. "Nikampigia mama nikamwambia mume wangu amevua."

Hakupiga kelele. Alivaa viatu, akachukua koti langu akanipa. "Nenda kwa mzee. Sasa hivi, kabla hujapata usingizi wa kukushauri."

Mzee Kanti anaishi peke yake tangu mkewe afariki. Alinifungulia akiwa na furaha, akaweka maziwa jikoni kwa chai. Nilimwomba akae. Nilianza na samaki, kwa sababu niliona huko ndiko kwepesi. Nikamwambia mimi si mvuvi, sijawahi kuwa. Baba yangu alikuwa mwalimu. Kila nilichomfundisha nilikitoa kwenye video. Alianza kutabasamu, akidhani namtania. Nikamweleza ndoano, damu, wavu, mara tatu majini. Tabasamu likaondoka. Alisugua magoti yake.

"Bibi yule," alisema. "Alikuwa na mayai?"

"Alikuwa nayo."

Nikasikia maziwa yakianza kuchemka, na hakuna aliyekwenda.

"Ungeniita," akasema. "Mimi nilikuwa ndani, hatua hamsini. Ungeniita, nisingekucheka. Hata angekufa, ningelia kidogo, basi. Samaki wanakufa." Kisha aliinua kichwa. "Lakini ule mfuko. Ulijua ndani mna nini?"

"Nilijua. Asubuhi alinipa kipande cha mkate."

Maziwa yakafurika kwenye jiko. Alinyanyuka, akazima, akabaki amenipa mgongo, kiganja juu ya meza.

"Nilitafsiri mimi," alisema. "Jean asingejua. Kwa mdomo wangu mimi nilimwambia yule mama kwamba Hussam ni mwizi. Kwa Kiswahili ulichonipa, Leonard. Nilifurahi hata siku ile, unajua? Katikati ya huzuni nilifurahi kwamba nina mtu wa kuongea naye Kiswahili mbele ya Jean asielewe."

Nikasema, "Nisamehe, mzee."

"Ondoka tafadhali," akasema. "Nitampigia Jean mwenyewe. Wewe kesho mwandikie kwa mkono wako."

Niliandika. Kurasa mbili, nikazipunguza zikawa nusu ukurasa, kwa sababu ile ndefu ilikuwa inanitetea. Kadi yangu niliitia ndani ya bahasha. Jean alijibu kwa mistari mitatu, bila matusi. Klabu ilimwandikia Hussam kumwomba radhi na kumrudishia kadi yake.

Kwa Hussam nilikwenda siku ya Alhamisi, gerejini. Alikuwa anafungua tairi la gari dogo. Aliniona, hakusimama. Nilichuchumaa ili tuwe sawa, nikamwambia kwamba ni mimi niliyeua na ni mimi niliyesema habari ya mfuko. Wenzake wawili walikuwa wanasikia. Sikupunguza sauti.

"Najua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Nani mwingine alikuwa nje?" Alitoa nati ya mwisho akaiweka kwenye kofia ya gurudumu pamoja na nyingine.

"Kwa nini hukuwaambia? Walikuuliza. Ungesema niliona fimbo ya Leonard imepinda."

"Niliona fimbo. Samaki sikumwona." Alivuta tairi likatoka. "Mtu akikata mshipi, fimbo inapinda vilevile. Ningekuwa nimesema nini?"

Nilimwambia kadi yake ipo, Mzee Kanti anamsubiri, kila mtu anajua sasa kwamba hakufanya kosa.

"Kila mtu alijua lini kwamba nilifanya?" aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia hasira kwenye sauti yake, na haikuwa kubwa. "Kwa dakika kumi tu, Leonard. Walihitaji dakika kumi na mfuko mmoja tu kuamini mimi ni mwizi. Siwezi kukaa na wale watu na kunywa chai." Akalisukuma tairi ukutani. "Wewe umekuja, sawa. Nimekusikia. Sasa nina kazi."

Mzee Kanti alikwenda gerejini kwake mara mbili kumwomba arudi. Hakurudi. Nasikia bado anakwenda mferejini, na Jumapili huwa na mkewe.

Juni nilikutana na Mzee Kanti kwenye duka lile la mboga. Alikuwa amezeeka kidogo, au labda nilikuwa sijamwona muda mrefu. Nikasogea, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Alinitazama. Hakuwa na chuki usoni. Alikuwa kama mtu anayetafuta adabu ya kutosha kwa mgeni. Kisha akanijibu kwa Kiingereza, kwamba hajambo, ahsante, na kwamba leo hali ya hewa ni nzuri. Akalipia vitu vyake, akanipisha nipite mbele ya kaunta.